Kubadilisha priampu ya fono ili santuri zilie vizuri nyumbani: maswali ambayo watu huniuliza kila mara

Nikikaa hapa Kisumu, karibu kila wiki kuna mtu ananipigia simu ama anafika nyumbani amebeba kaboksi ka santuri za baba yake, na maswali huwa ni yale yale. Wengine wako Nakuru, wengine Kakamega, wengine Busia. Nimeyaweka hapa yote na nikayapa namba, ndio nikisema angalia swali la 9 ujue ni gani. Kama ndio unaanza, soma kutoka juu. Kama mashine yako inavuma tu na unataka inyamaze, ruka mpaka swali la 16.

## Mambo ya mwanzo

1. Priampu ya fono ni kitu gani, na kwa nini santuri haiwezi kulia vizuri bila hiyo?

Sindano ikitembea kwa mfereji wa santuri inatingisha kasumaku kadogo ndani ya katriji (kile kichwa kidogo kinachoshika sindano), na hapo ndio stima ya muziki inatoka. Ni kidogo sana, katriji ya kawaida inatoa kama milivolti 3 hadi 5 hivi, na deki ya DVD inatoa mpaka volti 2. Sasa ukichomeka pleya (mashine ya kuchezea santuri) moja kwa moja kwa wufa utasikia muziki kama unatoka kwa nyumba ya jirani, mwembamba, besi hakuna, na ukiongeza volyumu unaongeza kelele tu. Priampu inafanya kazi mbili: inakuza hiyo sauti kama mara 100, alafu inarudisha besi na trebo mahali pake.

2. Kurudisha besi mahali pake ni kufanya nini? Kwani iliondolewa?

Ndio, ilipunguzwa makusudi. Besi ikikatwa kwa santuri vile ilivyo, mfereji unayumba sana, nafasi inaisha haraka na sindano inaweza kuruka. Kwa hivyo wakati wa kukata santuri wanashusha besi na kupandisha trebo, kwa kipimo kinaitwa RIAA ambacho kilikubaliwa Marekani mwaka wa 1954 na baadaye kikaenea dunia nzima. Hapo chini kwa 20 Hz (Hz ni mitingisho kwa sekunde) imeshushwa karibu desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), huko juu kwa 20,000 Hz imepandishwa karibu desibeli 20, kwa hivyo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine tofauti ni kama mara 100.

Priampu inafanya kinyume cha hayo yote. Na ikishusha trebo inashusha pamoja na ile shhh ya mfereji, ndio maana walipandisha trebo kutoka mwanzo. Hapa ndipo priampu nzuri na mbaya zinaachana, maanake vipuri vya ndani visipokuwa sawa hicho kipimo kinapinda, besi inakuwa nzito kama uji umeganda ama gitaa la solo linakuwa butu, na wewe unalaumu santuri.

3. Nitajuaje kama tayari niko na priampu?

Angalia sehemu tatu. Nyuma ya pleya kama kuna swichi imeandikwa PHONO na LINE, iko ndani ya pleya (Audio-Technica AT-LP60X na AT-LP120X ziko hivyo). Nyuma ya amplifaya kama kuna matundu yameandikwa PHONO, iko ndani ya amplifaya. Ama iko kwa kaboksi kake kando.

Unahitaji moja tu. Ukinunua ya kando weka swichi ya pleya kwa PHONO, alafu waya ya kutoka kwa priampu iende AUX ama LINE ya amplifaya, isiende PHONO. Ukipitisha muziki kwa mbili utajua saa hiyo hiyo, sauti inakuwa kubwa vibaya, besi inanguruma na waimbaji wanakwaruza.

4. Radiogramu ya mzee, ile ya mbao, nayo inahitaji priampu mpya?

Nyingi hazihitaji. Zile nyingi zilizokuwa zinakaa sebuleni miaka ya sitini na sabini zina katriji ya seramiki ama kristali, ambayo yenyewe inatoa stima nyingi, mara mia hivi ya ile ya sumaku, na inajisawazisha karibu na RIAA bila msaada. Ukiipitisha kwa priampu ya fono itakwaruza tu.

Lakini kuna kitu naomba uzingatie. Hizo katriji hukandamiza santuri kwa gramu 4, 5, hata zaidi, wakati katriji ya sasa kama AT-VM95E inakaa kwa gramu 2. Kama uko na santuri ambayo hutapata nyingine, usiichezee huko. Iweke radiogramu, ipende, lakini santuri nadra zipeleke kwa mashine nyepesi.

## Je, shida ni priampu kweli?

5. Nikibadilisha priampu nitasikia tofauti gani, hasa kwa santuri zetu za benga?

Hili swali nalipenda, maanake watu wengi huku hawana santuri za kizungu, wako na 45 ndogo (santuri za mizunguko 45 kwa dakika) za benga, rumba na twisti, za kina D.O. Misiani na Shirati Jazz, George Ramogi, Daudi Kabaka. Na hizo ndizo zinaonyesha priampu vizuri kuliko kitu kingine.

Unajua vile 45 nyingi za benga zimegawanywa, upande wa kwanza waimbaji wanamaliza hadithi, unageuza, na upande wa pili magitaa yanashika njia yao. Niko na moja ya Shirati Jazz imechezwa mpaka lebo imefifia. Kwa priampu yangu ya zamani, ile ya bei ya chini kabisa, upande wa pili gitaa la besi na ngoma ya mguu vilikuwa kitu kimoja, dundo moja nzito, na yale magitaa mawili ya juu yalikuwa yanagongana kama watu wawili wanaongea pamoja. Nilipoweka nyingine, usiku huo huo, volyumu ile ile, nikasikia gitaa la besi linatangulia ngoma kidogo tu, linaivuta. Solo likakaa kushoto kwa akili yangu ingawa santuri yenyewe ni mono (sauti ile ile kushoto na kulia). Nikamwita mama watoto aje asikie. Tuligeuza hiyo santuri mara nne.

Sasa nisikudanganye, si kwamba santuri inakuwa mpya. Mikwaruzo inabaki. Kile kinabadilika ni kwamba mikwaruzo inakuwa mifupi na inakaa kando na muziki, kimya kinakuwa kimya, na besi inakuwa na noti badala ya mngurumo.

6. Nianze na priampu ama sindano?

Sindano. Kila mara sindano. Imeisha ama imejaa vumbi, hakuna priampu ya kuiokoa, na mbaya zaidi sindano iliyoisha inachonga mfereji na hiyo haitarudi. Maisha yake ni kati ya saa 300 na 1000 kulingana na umbo la ncha, kwa hivyo kama hujui ilibadilishwa lini, hesabu imeisha. Vumbi ya Nakuru wakati wa kiangazi naijua, inaingia kila mahali, ipigie brashi laini kutoka nyuma kuja mbele kabla ya kila upande.

Alafu pima uzito wa mkono kwa kile kimizani kidogo cha sindano. Wengi wanaonijia na sss za waimbaji zinazochoma masikio shida yao imeisha hapo, na pesa ya priampu ikabaki mfukoni.

7. Basi ni dalili gani zinaonyesha priampu ndio inanirudisha nyuma?

Inua sindano kutoka kwa santuri, weka volyumu pale unasikilizaga, na usikize kwa spika. Ukisikia shhh kubwa ama mvumo kama hakuna muziki, hiyo si santuri, ni priampu ama waya ama stima yake. Dalili nyingine ni volyumu kufika karibu mwisho ndio usikie vizuri (geini haitoshi, swali la 9), ama sehemu za kelele kama tarumbeta zinavunjika hata na sindano mpya na santuri safi. Na ile pa! ya mkwaruzo ikiwa inaacha mkia mrefu, yaani priampu inashtuka na inachukua muda kurudi, hiyo pia ni dalili.

8. Ya ndani ya pleya ni mbaya?

Mbaya hapana, imebanwa. Iko ndani ya sanduku moja na mota, imepewa pesa kidogo na kiwanda, na huwezi kuiseti chochote. Kuanza nayo ni sawa kabisa. Ukiwa na pleya kama AT-LP60X ambayo katriji yake haibadilishwi, mimi ningekuambia usinunue priampu, weka pesa ukanunue pleya nyingine baadaye. Ukiwa na AT-LP120X ama inayofanana nayo, hapo priampu ya kando inaleta maana.

## Kuchagua

9. Geini ni nini na nichukue ya ngapi?

Geini ni priampu inakuza mara ngapi, na huandikwa kwa desibeli. 40 ni mara 100, 60 ni mara 1000. Katriji ya MM (swali la 10) ya milivolti 5 ukiikuza mara 100 unapata nusu volti, ambayo amplifaya yoyote inaishukuru. Kwa hivyo kwa MM tafuta kati ya 35 na 45. Zaidi ya hapo sauti haitakuwa nzuri zaidi, itajaa na kuvunjika mapema. Ortofon 2M Red kwa mfano inatoa milivolti 5.5, iko juu kidogo, haihitaji kusukumwa.

10. MM na MC ni gani, na mimi niko na gani?

Kwa MM sumaku ndio inatingika, kwa MC ni koili ndio inatingika. Kama hukumbuki kulipia katriji ghali, uko na MM. MC nyingi hutoa stima ndogo kuliko MM, Denon DL-103 inatoa milivolti 0.3 tu, kwa hivyo inataka geini ya 60 hivi na priampu ambayo imeandikwa MC. Ukiweka MC kwa priampu ya MM pekee haitaharibika, utasikia tu kwa mbali. Ukiweka MM kwa upande wa MC itavunjika sauti. Mimi ushauri wangu kwa hapa kwetu ni kaa na MM, maanake sindano ikiisha unachomoa ya zamani unaweka mpya mwenyewe, wakati MC nyingi sindano haitoki na katriji nzima lazima ibadilishwe ama itumwe mbali.

11. Hizi namba za 47k na pF nyuma ya boksi ni za nini?

47k ni oms elfu 47 (oms ni kipimo cha ukinzani wa stima), mzigo ambao karibu MM zote zinataka, na karibu priampu zote ziko nao, usihangaike. pF ni kipimo cha kapasitansi, yaani chaji kidogo ambayo waya na priampu zinashikilia, na hapo kuna kazi kidogo. Ukijumlisha ya waya na ya priampu, katriji za Audio-Technica zinataka 100 hadi 200, Ortofon 2M zinataka 150 hadi 300. Ikizidi, trebo inapanda mahali pamoja na kuanguka ghafla baadaye, waimbaji wanakuwa wakali na matoazi yanakuwa kama bati. Ukipata priampu iko na swichi ya kuchagua, anza chini, sikiza, panda pole pole.

Kwa MC mambo ni mengine, unaangalia oms za katriji na kuipa mzigo kama mara kumi ya hizo, ama tu uweke 100 uanze hapo.

12. Nitumie pesa ngapi?

Siandiki bei hapa, leo na kesho si sawa na ushuru wa kuingiza unabadilika. Lakini hesabu yangu ni hii: priampu isizidi sana bei ya katriji. Katriji ya elfu saba na priampu ya elfu sitini ni kama kuvisha mtoto koti la mzee. Kwa wanaoanza kuna Behringer PP400 ambayo ni ndogo na ya bei rahisi na inafanya kazi. Juu yake kuna ART DJ Pre II ambayo ina geini, kapasitansi na kichujio cha besi ya chini, na kwa bei yake hizo swichi zinakufundisha mengi. Juu zaidi kuna Pro-Ject, Rega, Schiit Mani, Cambridge Audio. Ukitoka ya pili kwenda ya tatu tofauti inasikika kama spika ni nzuri. Kama unasikilizia kwa wufa ya plastiki, nunua spika kwanza.

13. Ya valvu, zile taa za kioo za redio za zamani, ni bora?

Si lazima. Iliyojengwa vizuri ni tamu sana, lakini hizi ndogo za bei rahisi zenye vitaa viwili vinang'aa mbele, mara nyingi kazi inafanywa na chipu na hivyo vitaa viko hapo kidogo tu. Usinunue kwa macho.

14. Fundi anasema afungue abadilishe kapasita na chipu. Nikubali?

Inategemea ni ya zamani ama mpya. Amplifaya ya miaka 40 ambayo ina PHONO ndani, zile kapasita za elektroliti huwa zimekauka na kuzibadilisha kunarudisha uhai kabisa, hapo lipa fundi na furaha. Kwa boksi jipya, kama chipu imekaa kwa soketi unaweza kutoa NE5532 ukaweka OPA2134, ni kazi ya dakika tano, tofauti ni ndogo. Kama imesodewa kwa bodi na fundi hana mkono mwepesi, acha. Niliwahi kupeleka yangu mahali fulani mjini, ikarudi upande wa kulia unalia na wa kushoto kimya, nyaya za bodi zilikuwa zimeng'oka na joto. Pia jihadhari na chipu feki, ziko nyingi.

Kama anagusa zile rezista na kapasita za RIAA zenyewe, mwambie aweke za asilimia 1 na upande wa kushoto na kulia ziwe sawa, la sivyo asiguse.

15. Nitalinganishaje mbili bila kujidanganya?

Sawazisha volyumu. Sikio la binadamu likisikia yenye sauti juu kidogo, hata desibeli moja, linasema hii ndio nzuri. Pakua programu ya kupima sauti kwa simu, weka simu pahali pamoja, cheza wimbo mmoja na usawazishe. Alafu mwambie mtu mwingine abadilishe bila kukuambia. Ukishindwa kutofautisha, rudisha ile ghali.

Na wale wanaosema usubiri saa mia ndio ifunguke, mimi naona kile kinazoea ni masikio. Ikiwa haikupendezi wiki ya kwanza, amini masikio yako.

## Kuunganisha na kelele

16. Hii waya moja nyembamba yenye kichwa kama uma ni ya nini?

Ni waya ya arthi. Inatoka kwa pleya na inafungwa kwa skurubu ya priampu iliyoandikwa GND. Watu wengi huiacha inaning'inia wakidhani ni ya ziada, alafu wananiambia mashine inavuma. Ifunge kwanza, kabla ya kufikiria kitu kingine. Kama pleya yako haina hiyo waya, sawa, zingine huunganisha arthi kwa ndani.

17. Nimefunga arthi na bado inavuma. Sasa?

Sikiza ni mvumo gani. Ukiwa mmm wa chini, laini, hiyo ni stima ya 50 Hz inaingia kutoka kwa transfoma iliyo karibu ama arthi mbovu. Ukiwa zzz mkali, wa kuudhi, angalia adapta, taa za dima, chaja za simu.

Kuna mzee wa Nakuru, Section 58, alikuwa amebadilisha priampu mbili na bado mmm. Nilifika jioni, nikaweka muziki pembeni, nikashika tu ile boksi ya priampu kwa mkono nikaiinua. Mvumo ukapungua. Nikaishusha, ukarudi. Alikuwa ameiweka juu ya amplifaya, mahali transfoma iko chini yake kabisa. Tukaisogeza mwisho wa rafu, kama nusu mita, mmm ikaisha. Ikabaki zzz kidogo. Tukaanza kuchomoa kitu kimoja kimoja, friji, taa, chaja, hakuna. Tukachomoa waya ya dikoda ya TV kutoka kwa amplifaya, kimya. Ilikuwa inaleta arthi ya pili kutoka kwa dishi juu ya paa, na hizo arthi mbili zikawa zinazungushana. Mzee akakaa chini hakuongea, akaweka sindano.

Kwa hivyo fanya hivyo hivyo: sogeza, zungusha, chomoa moja moja. Weka priampu na amplifaya kwa extension moja. Na tafadhali usikate pini ya arthi ya plagi ili mvumo uishe, hiyo pini iko hapo kukuokoa maisha.

18. Naweza kuweka priampu mbali na pleya?

Weka karibu. Waya kati ya pleya na priampu iwe fupi, mita moja hivi, maanake hapo stima ni ndogo na kila mita inaongeza pF (swali la 11). Kutoka priampu kwenda kwa amplifaya unaweza kwenda mbali zaidi. Waya za AV nyekundu na nyeupe za kawaida zinatosha kama zimeshika vizuri. Zikilegea, sauti ya upande mmoja inapotea ukikohoa tu.

19. Niko na wufa tu, ama spika ya blutuuthi. Itafanya kazi?

Ndio. Priampu iende kwa AUX ya wufa. Kwa blutuuthi nunua kitransmita kidogo, kichomeke baada ya priampu, si kabla. Lakini usipange kulipia priampu ghali kwa njia hiyo.

Spika usiiweke meza moja na pleya. Besi inatingisha meza, meza inatingisha sindano, sindano inatoa besi tena, na inazunguka mpaka inanguruma.

20. Kone za spika zinaenda mbele na nyuma hata muziki ukiwa chini. Ni nini?

Santuri imejipinda, na kwa joto la Kisumu ni rahisi sana, iache kwa gari mchana mmoja tu uone. Kila mzunguko sindano inapanda na kushuka, na hiyo ni sauti ya chini sana ambayo sikio halisikii lakini spika inaihangaikia. Tafuta priampu yenye kichujio cha chini, inakata kuanzia kama 20 Hz kwenda chini. Wengine huogopa itakula besi. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la kawaida ni karibu 41 Hz, kwa hivyo haiguswi.

## Stima, mvua na sola

21. Adapta ya priampu imepotea. Niweke yoyote ya volti sawa?

Hapana, soma kwanza. Zingine zinataka DC, zingine zinataka AC kutoka kwa adapta, Schiit Mani ni mojawapo ya hizo za AC. Plagi zinaweza kufanana kabisa na ukakosea ukaichoma. Angalia volti, AC ama DC, katikati ni chanya ama hasi, na ampea zisipungue. Ukipata adapta ya transfoma, ile nzito, mara nyingi inakuwa kimya zaidi kuliko nyepesi ya bei rahisi.

22. Ndugu yangu amenitumia pleya na priampu kutoka Marekani. Nichomeke?

Ngoja. Kule ni volti 120 na 60 Hz, hapa ni 240 na 50 Hz. Adapta ikiwa imeandikwa 100-240V haina shida. Ikiwa imeandikwa 120V pekee, nunua ya hapa inayotoa kile kile (swali la 21).

Pleya ya zamani yenye mota ya AC ndio ina tatizo lingine. Transfoma ya kushusha itakupa volti 120 lakini haitabadilisha 50 Hz, na hiyo mota inafuata Hz, kwa hivyo badala ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika utapata kama 28. Misiani ataimba kama amelala. Zenye mota ya DC ama dairekti draivu za kisasa hazina hiyo shida.

23. Natumia sola. Inaweza?

Inaweza na inaweza kuwa safi kuliko stima ya mtaa. Shida ni inverta. Zile za bei rahisi ambazo wimbi lake si laini zinaleta zzz kwa priampu hata ufanye nini, tafuta ya wimbi laini. Kama priampu yako ni ya DC volti 12 unaweza kuilisha kutoka kwa betri moja kwa moja, lakini jua betri ya asidi ikichajiwa inafika 14.4, kwa hivyo weka kidhibiti cha volti 12 katikati, ama sikiliza jioni jua likishatua.

24. Mvua ya radi nifanye nini?

Chomoa. Yote, na ya antena pia. Huku upande wa ziwa mpaka Kakamega na Kericho radi si mchezo, na TV guard inasaidia stima ikirudi na nguvu lakini radi ikipiga karibu haiizuii.

## Maswali ya wachache

25. Niko na zile sahani nzito za 78 (mizunguko 78 kwa dakika). Priampu hii itazifaa?

Italia, lakini sivyo vilivyokusudiwa. Nyingi zilikatwa kabla ya RIAA na kila kampuni ilikuwa na kipimo chake, kwa hivyo unahitaji priampu ya kuchagua ama utumie vitufe vya besi na trebo kwa masikio. Kubwa zaidi ni sindano: mfereji wa 78 ni mpana, unataka ncha ya kama maikroni 76, ya santuri za kawaida ni kama 18. Ukiweka ya kawaida inazama chini kwa uchafu, unasikia changarawe. Nunua sindano ya 78 ya katriji yako kama iko. Na uzishike kwa mikono miwili, zinavunjika kama sahani za udongo.

26. Swichi ya MONO ina kazi gani?

Kwa sisi wa 45 za benga ina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nyingi za hizo za zamani ni mono, muziki uko kwa mtingisho wa kushoto-kulia peke yake, na kelele nyingi za vumbi ziko kwa juu-chini. Ukibonyeza MONO ile ya juu-chini inajifuta. Nimeona watu wakishangaa santuri waliyotaka kutupa. Kama priampu mbili ziko karibu kwa bei na moja ina hiyo swichi, na kabati yako imejaa 45, chukua yenye swichi.

27. Nataka kurekodi santuri za marehemu baba kabla hazijaisha. Nahitaji priampu ya USB?

Si lazima iwe ndani. Priampu nzuri ya kawaida, alafu kifaa cha kuingiza sauti kwa kompyuta kupitia USB, alafu programu ya Audacity ambayo ni ya bure. Osha santuri kwanza, weka kiwango kisifike nyekundu hata mkwaruzo ukipiga, na rekodi upande wote bila kukata. Tunza faili asili kabla ya kusafisha chochote. Na usifute ile sauti ya sindano kutua mwanzoni. Mimi za baba yangu nimeziacha nazo, na dada yangu aliye mbali alipotumiwa, kitu cha kwanza aliuliza ni kama hiyo ndio ile ya Jumapili mchana.